Kadi ya Mchwa

Bi Rafu hakuwa mtu wa kukaa kitini. Kiti alikuwa nacho, cha mbao, chenye mto alioushona kwa mkono wake, na kwa miaka ishirini na minane mto ule haukuwahi kubonyea. Akifungua maktaba asubuhi alianza kwa kupanga viti alivyovipanga jana jioni. Akapanda ngazi kufuta vumbi rafu ya juu, akashuka, akafungua dirisha, akalifunga, akatoka barazani kuchungulia kama kuna msomaji anapanda, kisha akarudi kuvisogeza viti vilevile. Mfamasia wa duka la chini alishazoea kusikia nyayo zake kutwa kucha. Wateja wakimuuliza huko juu kuna nini, aliwajibu kwamba kuna mama mmoja yuko safarini na hajafika.

Jina la Bi Rafu walimpa wasomaji, na lilimkaa pande zote mbili. Rafu za vitabu zilikuwa zake, na rafu ile ya uwanjani, ya kumkwatua mtu miguu, nayo ilikuwa yake. Ukirudisha kitabu kimekunjwa ukurasa, utaambiwa maneno utakayokwenda nayo mpaka nyumbani. Mimi sisemi alifanya vibaya. Anayekunja ukurasa wa kitabu cha watu anastahili hayo na zaidi.

Kazi aliianza kwa ufagio. Maktaba yenyewe ni vyumba viwili tu juu ya duka la dawa, mali ya halmashauri ya mji, na yeye aliletwa afagie na kupiga deki, basi. Lakini ufagio hupita chini ya rafu, na chini ya rafu ya dirishani ndiko vilikodondokea vitabu vilivyoachia gundi. Siku moja akaokota kimoja ili akirudishe, akakifungua, akakisoma amesimama mpaka sakafu ikakauka yenyewe. Kilikuwa kitabu kikuukuu cha mpima ardhi aliyeufuata mto usiokuwemo kwenye ramani. Tangu siku hiyo akawa si wa hapa wala si wa huko. Akaimaliza rafu nzima, vitabu mia moja na kumi na vitatu vya safari na hatari, vya jangwani, vya baharini, vya milimani, vya watu waliochimba kisima wakakuta mji. Mkutubi wa zamani alipostaafu hakukuwa na mwingine aliyejua kipi kiko wapi, akakabidhiwa funguo.

Safari zake mwenyewe zilikuwa habari nyingine. Pasipoti alikata mara mbili, na zote mbili ziliisha muda bila kugongwa muhuri hata mmoja. Ya kwanza iliisha akimuuguza mama yake. Ya pili iliisha hivihivi tu, akisubiri apatikane mtu wa kumshikia zamu. Ukimuuliza atakwambia anaondoka mwaka huuhuu, na kabla hujajibu atakuwa ameshakwenda dirishani.

Alichokijua kuliko mtu yeyote ni kumchagulia mtu kitabu. Hakukuuliza unapenda nini, maana watu, alisema, hawajui wanachopenda mpaka wakikose. Alikutazama viatu, akakutazama usoni, akaenda kwenye rafu. Msomaji mpya hakumpa kamwe kitabu kinachoanza na hali ya hewa. Mwenye haraka alimpa ambacho kufikia ukurasa wa kumi kuna mtu ana njaa. Mwoga alimpa mlima, kwa sababu mlimani hatari unaiona ikija, na jasiri alimpa msitu ili akome. Meli mbili zinazozama hakuzitoa mfululizo, mtu angezoea. Na ukimrudishia kitabu ukasema kilikuwa kizuri, bila neno jingine, alijua hukukisoma.

Katika wasomaji wake wote, aliyemfanya aione kazi yake tamu ni binti wa mwokaji mikate wa mtaa wa pili. Alikuja ana miaka kumi na minne, magoti yana makovu, akaomba kitabu ambacho watu wanakwenda mbali. Kesho yake alikuwa mlangoni amekimaliza. Bi Rafu akampa cha pili, kinene, ili apumzike naye. Siku tatu. Akambatiza jina la Mchwa, kwa kuwa akipita kwenye kitabu hasazi kitu ila majalada, na jina likashika mpaka nyumbani kwao. Wale wawili walibishana kwa miaka. Nani alikosea kuacha punda, nani asingekunywa maji yale, kama nahodha fulani alikuwa mwoga au mwenye akili. Bi Rafu alikuwa akimwekea kando kitabu kinachofuata wiki nzima kabla, na kukipapasa kila akipita. Kadi ya Mchwa ilifika vitabu arobaini na kimoja. Hapo msichana alikuwa ameshasomea ufundi wa mitambo, na akapata kazi kwenye meli ya mizigo.

Mama yake, aliyekuwa akiuza mikate dirishani, hakutaka kusikia. Waligombana siku nne. Siku ya tano Mchwa akatoka na begi mgongoni, na mama akasimama mlangoni akasema, mtaa mzima ukisikia: "Ukienda, usirudi." Hasira hasara, na maneno yakishatoka hayana kamba ya kuyavutia. Mchwa akaenda.

Jioni ileile mama wa mikate akamkuta Bi Rafu njiani, akamwambia mbele za watu kwamba ni yeye na makaratasi yake waliompa mtoto miguu, na kwamba hataki kuona kitabu cha maktaba ile kikivuka kizingiti chake mpaka siku anaingia kaburini. Bi Rafu, ambaye jibu lilikuwa halimpungukii, siku hiyo aligeuka akashika njia. Nyumbani hakula. Alikuwa akifikiri hivyohivyo mwenyewe.

Mwanzoni Mchwa aliandika. Simu ya nyumba ile ni moja, inakaa dirishani penye mikate, na ujumbe ulikuwa unaingia: nimefika, nimekula, mitambo mizuri. Kisha ukawa mmoja kwa wiki mbili. Kisha ukaja wa kusema mtandao ni shida, wasiwe na wasiwasi. Baada ya huo hapakuja kitu. Mwezi wa kwanza watu walisema bahari ni kubwa. Mwezi wa tatu wakaacha kusema, na hapo ndipo ukimya ule ulipoanza kuwatafuna wazazi wote wawili, kila mmoja kwenye kona yake.

Ilikuwa katika mwezi huo wa tatu mwokaji alipopanda ngazi za maktaba kwa mara ya kwanza maishani mwake, unga kwenye nyusi, kofia mkononi. Alisema anataka kuiona kadi ya mtoto wake. Bi Rafu akaitoa. Mwokaji akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akasema anavitaka vyote, kwa mpangilio huohuo, cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Nataka kujua alikwenda wapi kabla hajaondoka," akasema.

Bi Rafu alitaka kumkalisha, akasahau hata kiti kiko wapi. Alimletea kile cha kwanza. Mwokaji akakipokea kwa mikono miwili, na kabla hajageuka akauliza swali lililomwudhi mwenye maktaba kuliko kukunjwa kwa ukurasa: huyu wa kitabuni, mwishoni, anarudi kwao?

Alimfokea. Alimwambia kuuliza mwisho wa kitabu ni wizi, ni sawa na kufukua mbegu uone kama imeota. Mwokaji akasikiliza mpaka akamaliza. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba yeye husoma nyuma ya ghala akisubiri unga uumuke, mkewe asione, na mtu anayesubiri unga hawezi kusoma roho juu. Kama mtu wa kitabuni anarudi, atasoma peke yake. Kama harudi, atasoma wakati watu wapo karibu.

Basi Bi Rafu akavunja kanuni yake. Kila kitabu kilichotoka maktaba kilitoka na kikaratasi, kilichokatwa kwenye fomu za zamani za halmashauri, kikaandikwa jina la mwenye kadi na kugongwa muhuri wa tarehe. Kwa kuwa mwokaji hakuwa na kadi yake, na kujiandikisha kungetaka picha na barua, kikaratasi kiliendelea kuandikwa jina la kadi ileile aliyoitumia, Mchwa. Chini ya jina Bi Rafu akawa anaongeza neno moja kwa penseli: *Anarudi*. Au: *Harudi*.

Mzee wa watu akasoma, na sijui niseme kosa au bahati, akanogewa. Alianza kwa kumtafuta mtoto, na kufikia kitabu cha saba alikuwa anapanda ngazi mbili mbili. Alikuja na malalamiko yake ya kiufundi. Mtu gani anasafiri miezi minne jangwani na unga kwenye gunia na hauoti ukungu wala wadudu? Yule nahodha aliyewapa watu mikate migumu kama matofali, mwokaji wake alikuwa nani, na kwa nini hatajwi? Bi Rafu alimjibu kwamba wapishi hawatajwi vitabuni mpaka watie sumu. Wakacheka, na kila mmoja akatazama pembeni, maana huyo aliyewakutanisha hakuwepo pale. Kitabu kilikwenda kwa siku tatu, kingine kwa siku moja. *Anarudi. Anarudi. Harudi. Anarudi.* Miezi minne ikapita hivyo, na simu ya dirishani kimya.

Hatimaye kikabaki kimoja.

Cha arobaini na moja ndicho Mchwa alichokirudisha wiki aliyoondoka. Ni kitabu cha mchora ramani ambaye, kazi yake ikiwa imekwisha na meli imekuja kumchukua, anasimama ufukweni na kuitazama ikiondoka bila yeye. Bi Rafu alikuwa akikiona rafuni miezi yote ile na kupita upande wa pili. Jumatatu akakishusha, akakata kikaratasi, akagonga muhuri, akaandika *Mchwa*. Chini yake akaandika *Anarudi*. Akafuta. Akaandika *Harudi*. Akafuta. Alijiuliza uongo mmoja una ubaya gani kwa mtu anayekanda unga na machozi. Akajijibu kwamba mwokaji atafika ukurasa wa mwisho, na baada ya hapo hatakuwa na mtu wa kumwamini hata huku. Karatasi ikaanza kutoka manyoya kwa kufutwa. Akachukua kalamu ya wino ili mkono wake usipate nafasi ya kubadili nia, akaandika: *Harudi*. Akakifunga kitabu kwa gazeti na uzi, kikaratasi akakichomeka juu, chini ya uzi.

Mwokaji hakuja Jumanne. Hakuja Jumatano. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Bi Rafu alikwenda mbele na nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipanga vitabu kwa urefu, akavipanga tena kwa herufi. Mfamasia akapanda kumwomba avue viatu. Siku ya tisa, saa sita mchana, ikamshinda. Akatundika mlangoni kile kibao cha *Narudi sasa hivi*, akaweka kifurushi kwapani, akaenda.

Dirisha la mikate lilikuwa limefungwa kwa mapumziko. Akazunguka nyuma. Kwenye ghala palikuwa na kreti lililopinduliwa kati ya magunia ya unga, na juu yake kipande cha mto, ndipo mwokaji alipokuwa akikalia kusoma. Mwenyewe alisikika ndani akiburuta trei za mikate tanurini. Angemaliza baada ya dakika tatu, nne zikizidi. Mtu mwingine yeyote angesubiri. Bi Rafu alisimama, miguu ikamwasha, akawaza mama wa mikate anaweza kutokea na kumkuta kwenye ghala lake, akakiweka kifurushi juu ya kreti akaondoka. Dakika tatu, jamani.

Aliyetangulia kuingia ghalani ni mama wa mikate, akifuata gunia. Hakujua habari za kreti wala za kadi. Aliona kifurushi kilichofungwa kwa uzi, cha ukubwa wa vitu vichache vya mtu, na juu yake karatasi yenye kichwa cha halmashauri, muhuri na tarehe ya juma lililopita. Imeandikwa kwa wino: *Mchwa. Harudi.*

Lugha yetu tamu, lakini haisemi harudi nani, mwanamume au mwanamke, wa kitabuni au wa tumboni mwako. Na mama yule alikuwa na sababu ya kulijua neno hilo. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe mlangoni, na miezi saba alikuwa akilisubiri limrudie.

Bi Rafu alikuwa dirishani kwake aliposikia harufu. Mkate ulikuwa unaungua. Katika miaka yote aliyofanya kazi pale, mikate ya mtaa wa pili haikuwahi kuungua hata mara moja, na mtu mzima haambiwi mara mbili. Kabla hajafikiri, mfamasia akaita kutoka chini kwamba kuna msiba kwa mwokaji. Wameletewa taarifa ya yule binti wa melini, wameletewa na nguo zake kwenye kifurushi. Taarifa yenyewe, kwa walivyosema watu, ni kikaratasi chenye muhuri.

Alishuka zile ngazi asijue ameshukaje. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni kwa mfamasia.

Ghalani palikuwa pameshajaa. Wanawake wa mtaa walikuwa wameketi chini kumzunguka mama, naye amekikumbatia kifurushi kifuani, bado kimefungwa, na ngumi yake imebana karatasi hata haikuweza kufunuliwa. Mwokaji alikuwa kwenye gunia, uso mweupe kwa unga, michirizi miwili ya machozi ikishuka mpaka kidevuni. Karatasi yeye hakuiona. Aliambiwa imekuja, akaamini, kwa sababu alikuwa ameshajua. Siku tisa alizokwepa kwenda maktaba alikuwa anakwepa hicho kitabu cha mwisho, akiogopa kwamba kikiisha na mtoto ameisha.

Wanawake walipomwona Bi Rafu wakamzibia njia. Mmoja akamwuliza kwa upole unaochoma kama amekuja kutazama kazi yake. Akapita katikati yao hivyohivyo, mguu mmoja peku, akapiga magoti kwenye unga uliomwagika.

"Karatasi ni yangu mimi," akasema. "Niliandika mimi. Huyo asiyerudi ni mtu wa kwenye kitabu. Fungua."

Mama hakufungua. Alimtazama kama mtu anayesikia maneno ya lugha nyingine. Ikabidi Bi Rafu akate uzi kwa meno yake, gazeti likaachia, na kitabu kikaonekana, jalada la buluu lililopauka, na ile nembo ya maktaba mgongoni. Mwokaji akainuka kwenye gunia, akakitazama kitabu, akamtazama mkewe, na ikambidi aseme mbele ya mtaa mzima alichokificha miezi minne: kadi, vitabu arobaini, kreti, na kwamba alikuwa anauliza kila mara kama anarudi.

Ningependa kusema mama alipata ahueni. Alipandwa na ghadhabu. Alisimama, kitabu mkononi, na Bi Rafu aliona waziwazi kwamba atapigwa nacho, akaona pia kwamba ni haki yake, akabaki palepale amepiga magoti. Alitamani akipokee hicho kipigo yaishe.

Ndipo msusi akaingia.

Msusi ni mdogo wake yule mama, mama mdogo wa Mchwa. Saluni yake iko mwisho wa mtaa, na habari ilikuwa imemfikia nusu, ile nusu ya msiba. Alikuwa amekimbia na kitana mkononi, na nyuma yake mteja aliyesukwa upande mmoja wa kichwa. Hakuona kitabu, hakuona mtu.

"Nani amesema amekufa?" akasema akihema. "Nimeongea naye juzi."

Kisha akaona nyuso zote zimemgeukia, akaziba mdomo kwa mkono wenye kitana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siri ya mtungi huijua kata, na kata ilikuwa imekaa miezi saba ikisuka nywele. Ilimtoka vipande vipande. Simu ya Mchwa ilikuwa imetumbukia majini. Alipopata nyingine alipiga nyumbani, kwa namba ngeni, na aliyepokea alikuwa mama. Aliposikia sauti ya mama, ile ya mlangoni ikamjia, asiweze hata kuita. Mama akaita mara mbili, kisha akasema kama huna la kusema usipige, akakata. Mtoto akalichukua hilo kuwa jibu. Akampigia mama mdogo, akamwapisha asiseme, mpaka mama mwenyewe atakapomwulizia. Na mama, kwa kiburi chake, hakuwahi kumwulizia. Msusi alisubiri swali moja tu, miezi yote hiyo, kila Jumapili walipokaa pamoja, na lile swali halikuja.

Mama wa mikate aliikumbuka ile simu. Ilionekana usoni mwake. Alikuwa akifunga mikate ya mteja siku hiyo, akadhani ni watu wa kuchezea namba.

Alinyoosha mkono, na msusi akabonyeza namba akampa simu. Ghala zima lilisikia inavyoita. Ikapokelewa, na kukawa na kelele za chuma kwa mbali, kisha kukawa na ule ukimya. Mama akaujua. Mara hii akaujua.

"Ni mimi," akasema. "Usikate."

Kilichosemwa upande wa pili hakikusikika kwa wengine. Walimwona mama anatikisa kichwa, anaketi kwenye kreti, anajifuta kwa aproni na kujipaka unga zaidi. Alijibu ndiyo, alijibu anaendelea vizuri, akadanganya kwamba mikate haijaungua. Baadaye akasikiliza kwa muda mrefu. Ile meli, walikuja kuelezwa, Mchwa alikuwa ameshaiacha. Alikuwa fundi kwenye karakana ya bandari moja, mkubwa wake ni mwanamke, ana chumba chenye dirisha, na mahali pale amepapenda. Mama akaufungua mkono wake wa kushoto, akaitazama karatasi iliyokunjamana ndani yake.

"Basi usirudi, mwanangu," akasema. "Kaa. Lakini piga simu. Piga mpaka nikuchoke."

Mwokaji, ambaye alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumkanyaga, akauliza anasemaje, anasemaje. Mkewe akaondoa simu sikioni kidogo.

"Harudi," akamwambia. Na akaanza kucheka, machozi yanamwingia mdomoni, akamsukumia simu. "Harudi. Yupo. Chukua uongee naye."

Bi Rafu aliondoka bila kuaga. Alikikuta kiatu chake mlangoni kwa mfamasia na kibao cha *Narudi sasa hivi* kikiwa bado kinaning'inia tangu saa sita. Alasiri nzima alitoa vitabu rafuni, kimoja kimoja, vile alivyokuwa amevitia katika *Harudi*, akivisoma mwisho upya amesimama. Katika kumi na vitatu, waliokufa walikuwa wanane. Watano walikuwa wamebaki tu huko walikofika, wazima wa afya, na yeye alikuwa amewazika wote shimo moja. Ilimwuma, mtu aliyekuwa anajiona bingwa.

Wiki iliyofuata mama wa mikate alipanda ngazi. Alikuwa na picha mbili ndogo na barua ya mtaa, akataka kadi ya jina lake mwenyewe. Hakuomba radhi, na Bi Rafu naye hakuomba. Wote wawili walikuwa na ndimi zilizojua kufanya kazi nyingine tu. Alipoulizwa anataka kitabu gani, akasema anataka cha safari, lakini kinachosimulia waliobaki nyumbani: wanapika nini, wanalalaje, wanasubiri vipi mtu wao.

Bi Rafu akaenda kwenye rafu ya dirishani. Akapitisha kidole kwenye migongo yote mia moja na kumi na mitatu, kwenda, akarudi, akapanda ngazi, akashuka. Vyote vilikuwa vimemfuata aliyeondoka. Hakuna hata kimoja kilichogeuka nyuma zaidi ya kurasa mbili, yule mama wa mlangoni anapunga mkono na hamwoni tena.

"Sina," akasema mwishowe, na hilo hakuwahi kumwambia msomaji yeyote.

"Basi nipe hicho alichomalizia mwanangu."

Akakileta, kile cha jalada la buluu, mwokaji alichokirudisha juzi. Akakata kikaratasi, akaandika jina jipya, akagonga muhuri. Chini akaandika *Harudi*, akasita, kisha akaongeza mstari wa pili: *Yupo*. Mama akakisoma, akakitia kwenye mfuko wa aproni, akashuka ngazi. Bi Rafu akakimbilia dirishani. Mama alikuwa anavuka barabara na kitabu kimefunguliwa, anasoma huku anatembea, na mwenye baiskeli mmoja alilazimika kushuka ili ampishe.